Mtumiaji wa Pili

Shaweji wa duka la kudurufu kaniletea kipaza sauti
cha kuvaa kichwani, kama rubani.
"Mama Gati, vidole vipumzike. Wewe sema, yenyewe itaandika."
Miaka ishirini na tisa nimewapigia chapa mawakili wa Mtaa wa Samora:
viapo, hati za viwanja, talaka za watu,
mpaka viganja vikaingia ganzi
na daktari wa Muhimbili akasema basi.

Mashine inauliza jina. Nyangeta Ryoba.
Inauliza umri. Inauliza Kiswahili cha wapi.
Cha wapi?
Shaweji anabofya kabla sijajibu.

Kisha inaomba kimya.
Sekunde tano tu, ikisikie chumba
kabla ya kunisikia mimi.
Sekunde tano! Tabata Kimanga, saa nne asubuhi!
Tunabana pumzi. Anapita wa vyuma chakavu na spika yake:
friji mbovu, pasi mbovu, betri za gari.
Jaribu tena, inasema.
Tunafunga dirisha. Jirani anawasha pampu ya maji.
Jaribu tena.
Ndege inashuka Kipawa, inatutikisia vikombe kabatini.
Jaribu tena.
Mara ya sita Shaweji anashindwa, anacheka,
na kicheko chake kinapimwa, kinakubaliwa,
kinahifadhiwa kwa jina la kimya.

Sasa soma.
Nakaa wima. Natoa sauti ya ofisini,
ile iliyopigwa pasi:
*Mvua ilinyesha Jumanne. Nauli imepanda.
Karani alilala mapema.*
Alilala. Kila l naishusha mahali pake
kama mtu anayepanga mayai kwenye trei.
Kijani. Kijani. Kijani.
"Mama, umenyooka kama taarifa ya habari!"

Hajui ni fimbo ngapi zimo ndani ya l hiyo.
Tarime, darasa la tatu, mwalimu Kibwana, mtu wa Pwani,
alinisimamisha mbele ya wenzangu:
Sema lala.
Rara.
Sema lala.
Rara.
Darasa likacheka, mkono ukavimba, ulimi ukashika adabu.
Nadhani ni mkono huohuo
unaonigomea leo.

Wasifu wako umekamilika, ikasema mashine.
Shaweji akanywa soda yake, akaenda zake.

Usiku nikataka kumwandikia dada yangu Bhoke.
Kanga kiunoni, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi,
nikavaa dude langu kichwani nikasema tu,
kama ninavyosema nikiwa na Bhoke.
Nikamuuliza kama amelala salama.
Ikaandika: *Umerarua salamu?*
Nikamuuliza kama anakula vizuri, baada ya ule mguu.
Ikaandika: *Una kura vizuri?*
Nikacheka peke yangu. Nikaendelea.
Nikamwambia kuhusu siku ya kuagwa kazini,
keki, hotuba, saa ya ukutani waliyonizawadia,
nikamwambia, Bhoke, siku ile nilitaka kulia.

Ikaandika: *Siku ile nilitaka Kuria.*
Kwa herufi kubwa.

Niliitazama mistari hiyo mpaka maji ya beseni yakapoa.

Umeme ulikatika saa nane.
Feni ikazunguka kwa uvivu, ikasimama. Kompyuta ikabaki na betri yake,
mwanga wake ukutani, juu ya ile saa.
Nikatafuta pale Shaweji alipobofya mchana.
*Ongeza mtumiaji.*
Jina: Nyangeta wa kwa Bhoke.
Ikaomba kimya.
Mbu mmoja, mbwa mbali huko Segerea.
Sekunde tano zikapita, zote tano,
na mara ya kwanza tu ikakubali.

Sasa soma.
Karani arirara mapema.
Nyekundu.
*Je, umekosea?* ikauliza. *Ndiyo. Hapana.*

Hapana, nikasema.
Neno hilo halina mtego wowote.
Ikalipata papo hapo.